Tundu la Kulia Lililokataa Hedifoni

Alhamisi, Birikani, Voi. Jua limetuchoma tangu asubuhi na upepo wa vumbi umeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Nimechoka, shingo inauma, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitilia shaka.

Leo saa tano nilikuwa na mtihani wa kazi. Tangu hoteli niliyofanyia kazi ipunguze watu wa mapokezi, mimi nikiwa wa kwanza kwenye orodha, nimetuma maombi mpaka nikaona haya. Hatimaye watu wa kampuni fulani wakanijibu. Kazi ni kupokea simu za wateja ambao vifaa vyao vya nyumbani vimewagomea, na unafanyia hapo hapo nyumbani kwa laptop. Mtihani ni wa kuongea nao moja kwa moja, lazima kwa hedifoni ya USB, na ukikosa saa yako hupewi nyingine. Waliandika hivyo kwa herufi nzito.

Saa mbili na nusu nikachomeka hedifoni. Laptop ikalia mlio mmoja, ikanyamaza, ikaandika kwamba haikitambui kifaa hicho.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima mashine, nikawasha. Maneno yale yale.

Laptop yangu ina matundu mawili tu. La kushoto lina modemu ya intaneti, la kulia ndilo hilo lililokataa. Simu yangu kubwa iliingia kwenye beseni la nguo wiki mbili zilizopita, sasa natumia kabambe, kasimu ka vitufe kasikokuwa na intaneti, na mume wangu, Baba Mghoi, yuko shambani Chala na simu yake. Kwa hiyo nilihitaji matundu yote mawili, hakuna ujanja.

Nikampigia shemeji Mwakio, mdogo wa mume wangu, aliyesomea kompyuta na sasa yuko Mombasa. Yeye ndiye fundi wetu wa miaka yote. Akanielekeza vizuri tu: fungua orodha ya vifaa, tafuta chenye alama ya njano, kifute, washa upya kijirudishe chenyewe. Nikafanya. Kikarudi na njano yake. Akavuta pumzi, akasema bodi ya ndani imeungua upande huo, nitafute laptop nyingine, na samahani anaingia mkutanoni.

Laptop nyingine! Ati niitafute saa tatu asubuhi kama mtu anayetafuta chumvi kwa jirani.

Nilikaa kitandani nikalia. Sitaficha. Nililia kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu kwenye fomu yao niliandika kwamba naweza kutatua matatizo madogo ya kompyuta. Ulikuwa uongo. Mwakio akija kutengeneza mashine, kazi yangu imekuwa kuchemsha chai na kusema asante shem.

Kilichoniinua ni jiko. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Wusi kwa ajili ya kliniki ya mguu, alikuwa jikoni analalamika gesi imekataa kuwaka. Nikaenda nikiwa bado na machozi, nikatikisa mtungi, nikaangalia mpira, nikachokoa kichwa cha jiko kilichozibwa na uji uliofurika jana. Likawaka. Nikasimama pale na kiberiti mkononi nikajiuliza: wewe mwanamke, jiko likigoma mbona hununui lingine?

Nikarudi mezani nikaanza upya, kitu kimoja kimoja.

Nikahamisha hedifoni kushoto. Ikatambulika mara moja, nikasikia mlio wa mashine masikioni. Basi hedifoni ni nzima. Nikaweka modemu kulia. Taa yake ikapepesa ikafa. Nikairudisha kushoto, ikawaka. Basi modemu ni nzima, na tatizo ni lile tundu la kulia. Mpaka hapo Mwakio na mimi tulikuwa pamoja.

Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Kushoto, kile chuma cha ncha ya waya kilikuwa kinazama chote. Kulia kilibakisha upenyo, unene wa ukucha. Nikasukuma, hakiendi. Sasa bodi iliyoungua inazuiaje chuma kuingia?

Nikazima laptop kabisa, nikachomoa chaja, nikamulika kwa tochi ya kabambe. Ndani kulikuwa na kitu cha buluu, kimeshindiliwa mpaka nyuma.

Nikakijua pale pale.

Wanaoijua nyumba yetu wanajua kwamba Mama mkwe haachi kitu uchi. Redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, mtungi wa gesi una gauni. Krismasi iliyopita alinifumia mfuko wa laptop kwa uzi wa sufu, buluu na nyeupe, mzuri mpaka wamama wa kanisani wakauulizia. Kila siku nilikuwa naitoa na kuirudisha humo, manyoya ya uzi yanaingia kwenye tundu. Na kila nilipochomeka flashi nikawa nayashindilia zaidi.

Nikachukua kijiti cha meno, nikakichonga kwa wembe kiwe chembamba. Saa nne na dakika ishirini. Nikaona nitavunja kile kiulimi chembamba cha plastiki kilicho ndani ya tundu, nikamwita Mama.

Nilitamani kumdanganya kwamba ni vumbi tu. Lakini yeye ndiye mwenye mkono, miaka yote hiyo ya kufuma haijamwacha. Akavaa miwani, akaipeleka laptop dirishani, akauliza kiulimi ni kipi asikiguse, akaanza kuvuta polepole. Kikatoka kipande, kikatoka kingine, mwisho kikatoka kidonge kizima. Akakiweka kiganjani akakitazama muda mrefu.

"Huu ni uzi wangu, mama Mghoi."

"Ni wako, Mama. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nausukuma ndani."

Akanirudishia laptop, akachukua kiti, akaenda kukaa mlangoni.

Nikawasha. Nikachomeka kulia. Chuma kikazama chote, mlio ukaja, jina la hedifoni likatokea bila ile njano. Nilipiga kelele ya peke yangu, halafu nikakimbia kunawa uso.

Mtihani ulichukua dakika arobaini. Nilikuwa namsikia Mama nje akiwanong'oneza watu wasipige hodi, kuna kazi ndani. Dada aliyenihoji akaniuliza ningemsaidiaje mteja ambaye ameshaambiwa kifaa chake kimekufa anunue kingine. Nikacheka, haki ya Mungu nikacheka mbele ya kamera, kisha nikamweleza asubuhi yangu yote, na Mama nikamtaja. Aliandika muda mrefu. Akasema Jumatatu naanza mafunzo.

Jioni Mwakio akapiga kuuliza kama nimepata laptop ya kuazima. Nikamwambia sikuazima. Nikamweleza habari ya uzi ule. Kisha akasema, "Hebu nieleze tena polepole, shem. Kuna mteja nimemwambia bodi imeungua." Nikamweleza polepole. Sikumcheka, ingawa nilikuwa na haki kidogo.

Mama anaufumua ule mfuko sasa hivi, hapa karibu yangu. Nimemwambia auache, hataki. Anasema atanifumia mwingine kwa uzi wa pamba usiotoa manyoya, na utakuwa tayari kabla ya Jumatatu.

Jambo moja linanisumbua, nalo ndilo nililokaa kuandika. Miaka kumi na moja nimemchemshia fundi chai nikijua mashine si mambo yangu. Nani aliniambia siwezi? Mwakio hajawahi. Baba Mghoi hajawahi. Nimetafuta wa kumlaumu jioni nzima, na sijampata mwingine ila mimi.