Kikombe Nilichokunywesha Mtoni

Mpendwa Mama Kioko,

Nakuandikia kutoka Taveta, kwenye kambi ya mkonge. Darasa la sita halikunipa maneno matamu, kwa hivyo nitasema wazi, na anayetaka kusoma asome.

Unakumbuka kile kiangazi nilipopata kibarua cha kuzoa tope mtoni, kule juu kwenye viwanda vya Athi River? Tuliambiwa tunausafisha mto. Tulisimama ndani hadi mapajani. Tope lilikuwa jeusi, linanuka ngozi mbichi na dawa. Kila tulipolikoroga, nusu ilipanda ukingoni, nusu ikaenda na maji.

"Huko chini si ndiko kwenu?" msimamizi aliniuliza. "Wasalimie."

Nilicheka pamoja naye.

Huko chini ulikuwa wewe. Ulikuwa ukichimba shimo kwenye mchanga wa mto, kama mama yangu alivyokufunza, ukingoja maji yajichuje, kisha ukiyachota polepole. Jumapili moja nilikuja nyumbani, tukashuka mtoni pamoja. Ukaniambia maji yanawasha ulimi, na mbuzi wameyakataa. Wamama walikuwa pale na mitungi yao, wakisikia.

"Huyu amelelewa Machakos mjini," nikawaambia. "Anataka maji ya mfereji."

Walicheka sana. Mama yangu, aliyekuwa kati yao, akasema, "Maji yakishapita mchangani hayana ubaya. Sisi tumezeeka nayo."

Nikainama, nikakujazia kikombe. "Kunywa, memsahibu. Ama nikuletee na sahani?"

Mimba yako ilikuwa ya miezi mitano. Ulinitazama, ukanywa yote, ukageuza kikombe chini ili waone kimeisha. Kuanzia siku hiyo hukulalamika tena. Ulikunywa yale yale.

Mimba ikatoka. Daktari hakusema ni maji, na mimi sikumwambia ayapime. Mama alitangaza kwamba tumbo lako halishiki mtoto. Alisema hivyo nikiwa nakula ugali uliopika wewe, damu bado inakutoka, na sikuacha kula. Ulipomshika Kioko mkono mkaenda kwenu, niliwaambia wazee umetoroka kazi ya shamba.

Nasikia hata leo wanakuita mwanamke wa tumbo bovu. Ndiyo maana barua hii sikuifunga, ili nao waisome.

Jumapili ile miguu yangu ilikuwa na vidonda vya lile tope, nimevifunika na suruali ndefu. Nilipoinama kuchota, nilisikia harufu ile ile ya kazini. Niliijua. Wamama walikuwa wananitazama, na sikutaka mke wangu awe na haki mbele yao. Basi nikakijaza kikombe mpaka juu.

Sikuombi urudi, wala usinihurumie kwa sababu niko mbali. Kaa salama. Siku Kioko atakapouliza kwa nini hana ndugu, usimfiche nilichofanya.

Ni mimi, baba yake.