Ndoo Yako ya Bluu

Wifi yangu Mwajuma,

Kaka yako akitoka kuwaona huko Handeni huniletea salamu zako, na kila mara anasema, "Anakushukuru ulivyomshika mkono wakati wa msiba." Mimi naondoka naenda jikoni kama nimeacha kitu motoni. Leo nimekaa chini niandike. Mkono wangu mzito, elimu yangu ya darasa la nne unaijua, utanivumilia.

Unakumbuka bombani kwetu hapa kambi ya mkonge Ngombezi? Mtu anaacha ndoo kwenye foleni, anaenda kukoroga uji, na wa nyuma yake anamsukumia mpaka arudi. Yako ilikuwa ile ya bluu, mshikio ulikatika ukaifunga kamba ya mkonge. Nilikuwa nakutania, "Wifi, ndoo yako inatembea kuliko wewe." Nawe unajibu, "Si haina mume wa kumpikia." Tunacheka mpaka maji yanamwagika.

Ndiyo maana surua ilipoingia kambini, tukasikia nesi anakuja na chanjo chache, sote tulipanga ndoo tangu alfajiri. Yako mbele, yangu nyuma yake. Nesi alipofika akashangaa. "Jamani, mimi sichanji ndoo." Akasema dawa haitatosha, afadhali aanze na wachanga na walio dhaifu, wakubwa wasubiri gari jingine. Tukakataa. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote: "Foleni ni foleni, dada. Hapa harukwi mtu." Wewe ulikuwa umempakata Shabani, miezi yake kumi, mwepesi kama kifaranga. Ukanivuta kanga, ukasema taratibu, "Wifi, mwache nesi apange." Sikukusikiliza. Rehema wangu alikuwa na miaka minne, angeambiwa asubiri.

Nesi akachoka kubishana, akafuata foleni yetu. Kisha akataka kadi za kliniki, na ya Shabani ulikuwa umeisahau nyumbani. "Nisukumie ndoo, wifi, nakuja sasa hivi." Ukaondoka naye mgongoni.

Nilikusukumia. Nilikusukumia vizuri tu, mpaka nesi akainua kichupa akasema imebaki ya mtoto mmoja. Huko nyuma watu wakaanza kugombana. Mbele ya meza yake ilikuwa imesimama ndoo yako. Akauliza, "Hii ya nani?"

Nilikuwa naiona kanga yako ya njano kule mwisho wa nyumba, unakuja mbio. Ilikuwa ni kusema tu mwenyewe anakuja. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikaisogeza ndoo yako pembeni kwa mguu, nikamsukuma Rehema mbele.

Ulifika unahema, kadi mkononi, ukasema, "Kosa langu jamani, nimechelewa." Nikakuacha uliseme. Gari jingine halijaja, Shabani akawaka homa, macho mekundu, vipele mwili mzima. Hata hospitali kule Korogwe kila aliyekuuliza ulimwambia, "Nilichelewa na kadi." Nami nimekaa ubavuni kwako, nakupangusa machozi kwa kanga yangu. Baada ya maziko ukarudi kwa wazazi wako.

Rehema yuko shule sasa, anakimbia, anakula. Nikimwogesha, ule mkono aliochomwa sindano naupitisha maji haraka, siuangalii. Wakati mwingine niko peke yangu naosha vyombo, nasikia kabisa, hii ya nani? Nageuka, hakuna mtu.

Hukuchelewa, wifi. Ulifika wakati wako. Na kama ningemwacha nesi apange ulivyosema, Shabani angekuwa wa kwanza. Sikuombi unisamehe, hilo ni lako na Mungu wako. Naomba tu uache kusema ulichelewa. Kesho nitaisoma barua hii bombani kabla sijaipeleka kwenye basi la Handeni, kwa sababu wale wanawake ndio waliokusikia ukijilaumu, na hakuna aliyenisikia mimi.

Ndoo yako uliiacha. Kila asubuhi naipanga kwenye foleni mbele ya yangu, naisukuma, naijaza. Wageni wa kambini huuliza ya nani. Nawaambia, ya Mama Shabani, anakuja. Wanatazama njiani, hawaoni mtu. Nami natazama nao.

Ni mimi wifi yako niliyenyamaza,
Mama Rehema