Milima Isiyoomba Mkono

Jumatatu, 7 Julai

Kufinya kitambaa, kupumzika, kufinya tena. Kidole gumba kinasogea. Kidogo, lakini kinasogea. Cherehani iko kwenye kona, nimeifunika shuka nisiione. Wiki ya sita tangu bati linikate kiganja cha kulia. Ndiyo, nilikuwa nalipigilia mwenyewe. Ndiyo, ningeita fundi. Kila anayeingia kwangu hapa Mvara anaanza na hilo, kisha pole. Nimechoka na pole.

Kaka Ratib amepiga simu kutoka Abuku. Mwisho wa Agosti anakuja kunichukua na vitu vyangu vyote. Mwanamke wa mkono mmoja hawezi kukaa peke yake mjini, anasema. Alikuwa jeshini kama baba, hajui kuomba, anajua kuamuru tu. Siendi. Nina wateja, nina mlango wangu na ufunguo wake. Siendi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepanda kilima cha Arua. Boda hadi chini, kisha miguu. Njia ya gari, mwinuko wa taratibu, mkono umening'inia kwenye leso shingoni. Nimefika juu jasho likinitoka, nikaona mabati yote ya mji, nikacheka peke yangu. Wiki sita nimelala kama niliyevunjika miguu. Miguu ina kosa gani?

Nimemwambia kaka kwenye simu. Kosa langu. Alikuwepo siku daktari aliponiruhusu kutoka hospitalini, na maneno yake anayakumbuka: "Wewe usipande mpaka hii mkono iko sawa." Yeye alisikia milima. Mimi nilisikia maharage. Daktari ni Mlugbara, sisi Wakakwa, Kiswahili ndicho tulichokutana nacho katikati. Na alikuwa ameniuliza kwanza kama nina shamba. Kwa hiyo ni kupanda mbegu alikokataza. Nani amewahi kupanda mlima kwa mkono?

Jumapili, 20 Julai

Kumbe wapo wanaopanda kwa mkono. Nimeuliza habari za mlima Wati. Jirani yangu mwalimu anaujua: huko juu kuna mawe, unashika, unajivuta. Basi Wati hapana. Nimejiwekea sheria moja tu: naenda mlima usioomba mkono.

Leo tena kilima cha Arua, mara mbili. Boda kwenda, boda kurudi. Dereva alikimbia kama anafukuzwa, nikang'ang'ania koti lake kwa kushoto.

Alhamisi, 31 Julai

Siku mbaya. Nimejaribu mkasi. Umeanguka. Nimelia, kisha nikakasirika kwa kulia.

Kaka akapiga saa hiyohiyo, kama amenusa. Chumba kimeshapakwa chokaa. Mke wake ameshatandika kitanda. Wananitakia mema, najua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikamwambia nakuja, ila na mfuko mmoja. Tupande mlima Liru pamoja. Nikipanda na kushuka bila kushikwa na mtu, unaniacha Mvara. Akacheka sana. Halafu akasema, "Sawa. Lakini ukishikwa hata kidogo, vitu yote inakuja Abuku." Nimekubali. Nimeogopa baada ya kukata simu.

Jumamosi, 9 Agosti

Liru.

Boda mbili kutoka Abuku, mimi nyuma ya moja, kaka nyuma ya nyingine. Chini ni mashamba ya mihogo, kisha njia ya mbuzi inayozunguka taratibu. Ya mkato ipo, ya mawe. Kaka akaielekea. Nikakataa. Akasema hiyo ya kuzunguka ni ya wazee. Nikasema basi ni yetu. Ana miaka sitini na mbili, tumbo mbele, na alivaa ndala zake za msikitini.

Nilitangulia. Sikugusa jiwe wala mti. Kwenye kilele chenyewe sikwenda, pale panaomba mkono. Nilisimama begani mwa mlima, nikaona barabara ya Oraba na malori yake, na Sudani Kusini nyuma yake. Nikasema hapa ndipo juu pangu. Kaka hakubisha. Hakuwa na pumzi ya kubisha.

Kushuka ndiko kulikomshinda. Kokoto zikateleza, akakaa kitako, goti likagoma. Akanyoosha mkono nimwinue. Wangu wa kulia uko kwenye leso. Nikampa wa kushoto.

Kwetu mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Hapewi hata kikombe. Huyuhuyu alinizaba kofi utotoni kwa kumpa chumvi kwa mkono wa kushoto. Akautazama, kisha akanitazama mimi. Sikuuondoa. Nilikuwa tayari kumwacha pale na mbuzi. Akaushika, na hakuuachia mpaka kwenye mihogo.

Mlima haukuomba mkono. Kaka ndiye aliyeomba. Kwa sheria yake, nilishikwa. Hakulitaja. Mimi pia sikulitaja. Kwenye chai akasema tu, "Kitanda itabaki. Siku unakuja kutembea, utalala." Nikamjibu asante, kaka.

Jumatano, 20 Agosti

Kliniki. Daktari amenipa vidole vyake nivifinye. Amekunja uso, akacheka. Nianze na mkasi mdogo, amesema.

Nikamuuliza, nimalize kesi: ulikataza mlima au shamba? Hakuelewa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe.

"Mimi nilisema boda, mama. Usipande boda. Utashika na nini?"

Nimefikiria boda ya kwenda na ya kurudi, kila wiki, na ile ya Abuku kwenye mashimo.

Langoni vijana wa boda wameniita, mama twende. Nimetembea kwa miguu hadi Mvara. Nimetoa shuka kwenye cherehani, nikaipaka mafuta. Kaka sitamwambia.