Choo Kipo

Jumanne.

Sitauliza tena hivyo. Mzee wa Kaliua, tumbo limejaa kama ngoma. Baada ya shikamoo nikamuuliza, "Unapata choo?"

"Choo kipo, daktari. Kizuri kabisa."

Nikaandika: choo kawaida. Nilishaanza kumwandikia dawa za vidonda vya tumbo, mkewe akaangua kicheko.

"Daktari, anakusifia choo alichojenga! Cha matofali, cha bati. Ila wiki nzima anaingia na kutoka bure."

Bila yule mama ningemuumiza. Hilo linanitisha.

Basi nikamhubiria: maji mengi, mapapai, mchicha, na haja haionewi aibu.

Mhubiri mwenyewe leo siku ya nne. Choo kipo. Cha ndani, kina vigae.