Gauni la Wifi Limekuwa Zaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena unijibu upesi kwa sababu harusi ni Jumamosi, na hapa ninapoandika nina furaha na woga vyote pamoja. Mimi ni fundi cherehani, nina mashine mbili kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mwezi uliopita nilianza kujisomea Biblia mwenyewe, leo huku kesho kule, na mshauri, nimekuta mambo! Nimekuta kwa Petro kwamba waumini wote ni ukuhani wa kifalme, wote, hata mimi mwenye pini mdomoni, nikaruka humu ndani mpaka mume wangu akauliza kama nimeumwa na nge, halafu nikakuta kwenye Walawi kwamba kila mnyama wa kumi anayepita chini ya fimbo ni mtakatifu kwa Bwana, mwenyewe asichague wala asimbadilishe, basi nikasema mimi sina ng'ombe, nina nguo, kila nguo ya kumi itakayotoka kwenye mashine yangu ni ya Bwana.

Ya tisa ilikuwa aproni ya jirani, ya kumi ikawa gauni la harusi la wifi yangu, mdogo wa mume wangu! Nimelifungia kabatini, Jumapili nalipeleka madhabahuni. Wifi amekuja mara tatu kulijaribu, nikamwambia limeshakuwa takatifu, akalia, akasema, "Wifi, sasa mimi nivae nini, pazia?" Mama mkwe hanisalimii, na mchungaji amesafiri. Na ieleweke kwamba jambo hili halihusiani kabisa na kuachwa kwangu kwenye kamati ya harusi, wala sikujali waliponiacha kwenye kamati. Je, kuhani arudi nyuma kwa sababu ya machozi ya mtu mmoja?

Kuhani Mwenye Cherehani

Kuhani wangu,

Hongera! Furaha yako imenifikia mpaka huku, barua nimeisoma nikiwa nimesimama. Ni kweli, Petro aliwaandikia waumini wote, na wewe umo, pini na yote. Lakini dada, unasoma kama mtu anayeonja kila sufuria bila kupakua hata moja.

Yule wa Walawi alihesabu mifugo yake mwenyewe. Kitambaa cha gauni alinunua nani? Chako pale ni jasho tu. Kumtolea Mungu mali ya mwenzio kuna jina lake, na limo kwenye amri kumi.

Na kuhani ni nani? Haruni alibeba kifuani majina ya makabila yote ya Israeli kila alipoingia patakatifu. Waebrania inasema kuhani huwachukulia kwa upole wasiojua na waliopotea, maana yeye pia ni dhaifu. Na Yesu, kuhani kwa mfano wa Melkizedeki, hakutoa cha mtu, alijitoa mwenyewe. Wewe mpaka sasa umetoa machozi ya wifi yako.

Sasa tuambiane ukweli. Kamati umeitaja mara mbili bila kuulizwa. Na foleni ya nguo kwenye mashine zako anapanga nani kama si wewe? Imekuuma kuachwa, na una haki ya kuumia. Waambie hivyo kwa mdomo wako, usimtume Mungu akakusemee.

Ukimaliza kusoma hapa, fungua kabati. Usimsubiri mchungaji. Nenda kwa wifi na pini zako, mvalishe, piga magoti umpimie pindo, na ukiwa hapo hapo chini umwombe radhi. Mama mkwe usimhubirie Walawi, mwambie, "Mama, nisamehe," kisha nyamaza. Zaka itoe katika kilicho chako. Torati inamtaja Mlawi, mgeni, yatima na mjane, kwamba wale washibe, basi siku moja katika kila kumi za kazi washonee bure watu kama hao.

Halafu soma Mwanzo kumi na nne, pale Abramu anapompa Melkizedeki fungu la kumi. Usiishie hapo kama kawaida yako, songa mistari mitatu mbele. Mfalme wa Sodoma anamwambia ajichukulie mali, naye Abramu anaapa kwamba cha mtu hachukui, hata uzi. Uzi, fundi!