Shimo la Chokaa la Baba

Baleni, Mafia
12 Juni

Kwa Kaka Othmani,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe, wifi Safia na watoto, na kile kikohozi ulichokuwa nacho Ramadhani kimekwisha. Sisi tunamshukuru Mungu. Mwanangu Umi na mumewe wako Kiegeani, hawajambo. Baba macho ndiyo yamekwenda kabisa, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo.

Utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia, ungeniuliza nalia nini, nami ningesema kichwa kinauma. Haruni anavuka kesho kwa boti ya Nyamisati, nimempa akuletee mkononi.

Kwanza habari ya stesheni yetu ya zamani ya troli za mbata za nazi. Maofisa wa mambo ya kale walifika wiki iliyopita, wanaume wawili na mama mmoja. Walipima, wakapiga picha. Ukuta wa upande wa bahari umelala chini tangu masika, kama nilivyokwambia, na sasa paa nalo limeufuata. Ghala la mbata limebaki nusu. Jukwaa la kupakilia troli lipo, na zile reli hatua thelathini bado zimo majanini, Bi Biasha anafungia mbuzi wake hapo. Chumba cha karani kimebaki dirisha tu. Yule mama aliokota kipande cha lipu, akaniuliza nani aliyepaka saruji. Nikasema sijui. Akaniambia kwa upole kwamba jengo litaondolewa kwenye orodha ya urithi, maana lililoorodheshwa halipo tena, na kiwanja kitasafishwa. Nilimwuliza kama hakuna la kufanya. Akasema hakuna. Hakuwa mtu mbaya, kaka, alikuwa amechoka tu.

Miaka sita ulihangaika na barua mpaka wakaliandika jengo lile, na sharti lao lilikuwa moja tu, litengenezwe kwa chokaa kama lilivyojengwa. Ukacheka, ukasema chokaa tunayo. Kweli tulikuwa nayo. Baba alisukuma troli za mbata ujana wake wote, na hata troli zilipokufa aliendelea kuipaka stesheni kila masika yakiisha. Shimo la nyuma ya nyumba lilikuwa na chokaa yake ya mwisho, aliyoichoma mwenyewe kabla kuchoma matumbawe hakujapigwa marufuku. Aliizima kwa maji, akailaza shimoni, akaifunika mchanga. Alituambia mara ngapi kuwa chokaa ile ni ya stesheni, mtu asiiguse hata kwa kupaka banda la kuku?

Sasa nije kwenye ombi lako. Unataka majina ya wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi kwa msimu, waliokuwa wakilala ghalani, uyapeleke kwa wakubwa kwamba wao ndio waliobomoa, pengine jengo likahurumiwa. Siwezi. Wale watu walikuwa wakifagia pale kuliko sisi wenyeji. Aliyeiua stesheni ni mimi.

Harusi ya Umi unaikumbuka. Wakwe walikuwa wanakuja, na kuta zangu zilikuwa nyeusi kwa ukungu. Nyumba ya bibi harusi haipokei wageni haijapakwa chokaa, hilo unalijua, ningechekwa mpaka kisiwa cha Juani. Nikafunua shimo. Nilijiambia nitachota ndoo mbili tu. Chokaa ya baba ilikuwa laini kama samli, nikachota, nikachota, mpaka ndoo ikakwaruza chini. Watu waliisifu nyumba, nami nilisimama barazani nimevimba kichwa. Naona aibu hata kuandika.

Mwaka uliofuata ukaniagiza niurekebishe ukuta wa stesheni kwa ile chokaa. Ningekujibu nini? Nilichukua saruji iliyobaki tulipojenga choo cha wageni wa harusi, nikamwita fundi Taufiki, akaniapia kuwa saruji ina nguvu kuliko chokaa. Tukaupiga lipu ukuta mzima, tukapaka rangi nyeupe juu. Ndiyo ile picha niliyokutumia, ukaiweka kwenye simu yako. Sikujua kuwa mawe ya matumbawe yakizibwa kwa saruji, maji hubaki ndani hayana pa kutokea. Baba alijua, ila ningemwulizaje? Masika mawili tu, lipu ikabanduka na mawe yake kama ukoko wa wali, ukuta ukafunguka.

Baba nilimficha. Kila asubuhi aliniuliza stesheni inaendeleaje, nami nikamjibu ipo. Juzi akasikia msikitini kuwa maofisa wamekuja. Akafurahi, akasema basi kazi imeanza, nimpeleke shimoni aipime chokaa. Nikamwomba asubiri kidogo nifunue. Nilikoroga unga wa muhogo kwa maji, mzito, nikaumimina shimoni. Akachuchumaa, akatia mkono, akausugua kwa vidole huku anatabasamu. Nikajua nimepona. Kisha akafanya alivyokuwa akifanya siku zote, akapeleka kidole ulimini. Chokaa huchoma, kaka. Muhogo hauchomi.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliomba maji ya kunawa, nikamnawisha, akanishika bega tukarudi ndani. Tangu siku hiyo haniulizi tena habari za stesheni.

Basi usimtaje mvuvi yeyote. Wakitaka jina, wape langu. Msamaha siombi, kwa sababu sioni ungeutoa wapi.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Umi anakusalimu. Baba unajua salamu zake zilivyokuwa, lazima nijaze ukurasa mzima wa stesheni kabla hajafika kwenye afya yake. Leo nilipomwuliza nikuandikie nini, alisema nikuandikie kwamba yupo.

Ni mimi mdogo wako,
Arafa