Vuta Pumzi

Shoga, utangazaji nimeuanza leo kwa majaribio na nilidhani nimeumaliza leo hii hii.

Mhariri, kwa huruma zake, aliniandikia katikati ya habari mahali pa kupumua, maana nikiogopa sauti hukatika. Mimi msomi nikasoma na maelekezo yake. Hewani!

"Maji yatakatika mji mzima, vuta pumzi. Nauli zimepanda tena, vuta pumzi."

VUTA PUMZI, shoga! Tena kwa upole, kama nabembeleza mtoto.

Nikatoka studio natafuta pa kujificha. Mhariri akanidaka mlangoni. "Wewe binti, simu hazipoi! Wanasema hatimaye redio imewaonea huruma. Kazi umepata."

Miaka yote ile chuoni nasomea habari, kumbe wanaajiri pumzi.